Kilomita Sita za Nini?

"Ujenzi wa barabara kwa kiwango cha lami, kilomita 6." Mstari kama huo nimeusoma kwenye majedwali mengi ya bajeti. Pembeni yake kuna jina la barabara na kiasi cha fedha, basi. Wenye haraka wanaona kazi imeshaelezwa. Mimi ni mkadiriaji majenzi, naishi Mbeya, na shughuli yangu inaanzia pale mstari huo unapokoma, maana anayeniletea anataka BOQ kamili, yaani orodha ya kila kazi na kipimo na bei yake, na tarehe ya kutangaza zabuni anayo tayari mkononi. Swali langu la kwanza huwa ni lile lile: kilomita sita za nini?

Siulizi kwa kumkomoa mtu. Nauliza kwa sababu natakiwa kuandika kipimo na bei ya kila kitu kitakachojengwa, na kitu ambacho hakikuandikwa mkandarasi hana sababu ya kukijenga. Hizo kilomita sita zinaanzia wapi? Kwenye ukingo wa lami ya barabara kuu, au kwenye kibao cha shule? Upana ni mita ngapi, na mabega ya barabara yamo ndani ya huo upana au yako nje? Mitaro ni ya udongo au ya mawe? Maji yakishavuka barabara yanakwenda kwa nani? Lile daraja la magogo lililoko katikati linabaki, linabomolewa, au tunajifanya hatujaliona? Nguzo ya umeme iliyosimama mita moja kutoka ukingoni ataihamisha nani, kwa fedha za fungu gani? Kifusi kinachimbwa wapi? Na watu na mizigo yao watapita wapi wakati kazi inaendelea?

Haya maswali lazima yajibiwe, hayakwepeki. Kama hayakujibiwa mezani yatajibiwa porini, greda limesimama, mkandarasi anahesabu siku za kukaa bure, msimamizi anapiga simu ofisini na ofisini hakuna mwenye jibu. Hapo ndipo kazi za nyongeza zinapozaliwa. Halafu fedha ikiisha kinachokatwa huwa ni mitaro na makalavati ya mwishoni, kwa sababu lami ndiyo inayoonekana siku ya uzinduzi.

Kuna jambo la kalenda ambalo huku Nyanda za Juu Kusini linatugusa kwa namna yetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na upande wa Rungwe na Busokelo zinavuta mpaka Mei au zaidi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai. Kwa hiyo miezi ya kuandaa mipango na bajeti, Januari, Februari, Machi, ni miezi ambayo barabara za milimani ziko katika hali mbaya kuliko zote. Wengi wanaliona hilo kama kikwazo: gari halifiki, basi wigo wa mradi, yaani kilichomo na kisichokuwamo, unaandikwa ofisini kwa kutumia picha za mwezi wa nane, barabara ikiwa kavu na vumbi limetulia. Mimi naona tumepewa nafasi ambayo tungeilipia kama tungeikosa. Februari barabara inakuonyesha kila ilichokuficha Agosti. Unachohitaji ni buti za mpira, utepe wa kupimia, daftari lisiloogopa maji, na mtu wa pale pale wa kukuongoza.

Februari ya mwaka juzi tulipanda barabara moja ya wilaya upande wa safu ya Uporoto, kwenye vijiji vya viazi mviringo. Jina silitaji kwa sababu nitawasimulia wenye mashamba na sikuwaomba ruhusa ya kuwaandika. Gari tuliliacha kwenye lami. Nilikuwa na fundi sanifu kijana aliyebeba DCP, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, na njiani tukawa tunaongezeka, maana huko mtu akiona utepe wa kupimia anajua ni habari za barabara, na habari za barabara ni zake.

Kwa wasioijua, DCP ni chuma kirefu chembamba chenye ncha, na juu yake kuna nyundo ya kilo 8. Unaiinua nyundo mpaka juu, unaiachia ianguke milimita 575, kisha unasoma chuma kimezama kiasi gani ardhini. Unarudia. Mzamo ukiwa mdogo kwa kila pigo, udongo una nguvu. Ukiwa mkubwa, udongo ni dhaifu. Kipimo hakina ushabiki. Taarifa tuliyokuwa nayo mkononi, ya vipimo vilivyopigwa kiangazi, ilionyesha CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ya zaidi ya 15 njia nzima, yaani daraja la S15, la juu kabisa kwa udongo wa asili katika mwongozo wetu wa usanifu wa matabaka wa mwaka 1999. Mtu akisoma taarifa ile peke yake anapanga matabaka membamba na kulala usingizi.

Mlimani kweli hali ilikuwa nzuri hata na mvua. Tukashuka bondeni, penye mikaratusi. Kijana akainua nyundo, akaachia: sentimita nane kwa pigo moja. Akaachia tena: kumi. Akanitazama, nikamwambia asogee hatua ishirini mbele arudie. Ikawa vile vile. Kwa mzamo wa namna hiyo CBR haifiki hata 3, kwa maana kwamba hata daraja la chini kabisa, S3, udongo ule haulifikii. Pale huwezi kumwaga tabaka lolote ukatarajia likae. Unautoa udongo na kujaza kifusi kizuri, au unainua tuta juu ya maji, na vyote viwili vina gharama inayopaswa kuonekana kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kutaja bei ya kilomita moja. Tulipima kipande hicho kwa utepe, mwenyekiti ameshika ncha moja: mita 310.

Nikae hapo kidogo, maana udongo wa huku una tabia zake. Kuzunguka Rungwe sehemu kubwa ni majivu ya volkano ya zamani. Ni udongo mwepesi, wenye rutuba ajabu, na unashika maji mengi mno. Ukiuacha ulivyolala unabeba mzigo vizuri tu. Mashine zikishaukandakanda ukiwa umelowa, unapoteza nguvu yake na haurudi haraka. Kwa hiyo kwenye wigo tuliandika mpaka namna ya kuchimba: kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kichimbe kikirudi nyuma, malori yasiingie kukanyaga sakafu iliyochimbwa, na kifusi kimwagwe kikisukumwa kutoka upande mgumu. Kuna mwenzetu aliona huko ni kuingilia kazi ya mkandarasi. Mimi sikubaliani naye. Namna ya kuchimba ikibadilisha kiasi cha udongo utakaotupwa, basi namna hiyo ni sehemu ya wigo, na asiyeiandika atakuja kulipia udongo ambao haukuwa na haja ya kutupwa.

Mbele kidogo ya bonde tukamkuta mama mmoja analima pembezoni mwa barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ninyi ndio wa barabara?"

"Ndio sisi. Tunaangalia kabla kazi haijapangwa."

Alisimamisha jembe. "Barabara tunaitaka sana. Ila njoo kwanza nikuonyeshe walichonifanyia waliotangulia."

Tukamfuata. Miaka kadhaa nyuma palikuwa na matengenezo, wakaweka kalavati la sentimita 60. Kabla yake maji ya mlimani yalikuwa yanavuka barabara yametawanyika, kila mtu anapata kidogo. Kalavati likayakusanya yote na kuyaachia kwenye shamba lake. Kwenye mdomo wa kutokea walipanga mawe mita mbili, wakaishia hapo. Baada ya hayo mawe kulikuwa na korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake kichwa hakionekani. Matuta ya viazi yalikuwa yamekatika katikati, mengine yananing'inia ukingoni.

"Kila masika linakula," alisema. "Nilikwenda kwa mtendaji, nikaambiwa kalavati liko sawasawa, halijavunjika."

Na kwa kweli halikuwa limevunjika. Kwa mujibu wa mkataba wa wakati ule kazi ilikamilika, ikakaguliwa, ikalipwa. Waliopanga waliona barabara inaishia kwenye ukingo wa mawe yao, na maji wakayaachia mama yule ayatafutie njia. Hilo ndilo jambo linalonifanya niandike haya. Kwenye kuchora mpaka wa mradi, karibu kila mtu anaufikiria mpaka wa urefu: kutoka hapa hadi pale. Mpaka wa ubavuni hauna msemaji, na huko ubavuni ndiko wanakoishi watu.

Mzee mmoja aliyekuwa ameungana nasi akaonyesha kwa fimbo zamani maji yalikopita: mstari unaoshuka nyuma ya mikaratusi hadi kijitoni. Tukaupima. Mita 140 kutoka mdomo wa kalavati, na mteremko wake ni mkali sehemu mbili. Ikaingia kwenye wigo kama kazi inayojitegemea, yenye mstari wake kwenye BOQ: mtaro wa mawe na saruji kutoka kalavati hadi kijitoni, wenye ngazi za kupunguza kasi ya maji, na kalavati lenyewe libadilishwe liwe la sentimita 90, kwa sababu lile la 60 lilikuwa nusu yake mchanga na haliingiliki kuzibuliwa. Tukaongeza na sharti moja: mtaro unapita mashamba ya watu watatu, kwa hiyo ridhaa yao ya maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji, ipatikane kabla zabuni haijatangazwa, mkandarasi asije akaenda kuombaomba njia katikati ya kazi. Mama akauliza kama hilo korongo litafukiwa. Tuliliandika pia, na kiasi cha udongo wa kujazia. Akasema "ndaga", yaani asante, akarudi kwenye jembe lake.

Tulipofika juu, mwenyekiti aliniambia kitu ambacho kilibadilisha mpango mzima. Nilikuwa nimemuuliza tu, "Mwenyekiti, gari la viazi linakwama wapi?" Akajibu bila kufikiri: "Kwenye bonde mlilopima, kwenye daraja la magogo, na mlima wa kutokea kanisani. Kwingine Fuso linapita hata mwezi wa nne."

Fikiria maana yake. Machi na Aprili mtu ana viazi shambani, mnunuzi hawezi kuleta lori, lumbesa inashushwa kwa bodaboda hadi kwenye lami, na kila gunia linalipiwa. Mnunuzi naye, akijua mkulima hana namna, anashusha bei. Yote hayo yanasababishwa na sehemu tatu ambazo nilipozijumlisha hazikufika hata kilomita moja. Zile kilomita tano na ushee zilizobaki zinahitaji changarawe nzuri, mitaro inayofanya kazi na mtu wa kuifyeka na kuizibua.

Kwa hiyo kabla ya kuandika urefu, upana na matabaka, niliomba juu kabisa ya karatasi uandikwe mstari mmoja wa kusudio: lori la tani 7 lifike kijiji cha mwisho siku yoyote ya mwaka, ikiwamo ya mvua. Ukishaandika hivyo, kila kitu kinachofuata kina kipimo chake. Kinachosaidia lori kufika kinaingia. Kisichosaidia kinasubiri. Na fedha ile ile iliyokuwa itandazwe kama lami nyembamba kwa kilomita sita, huku bonde likiachwa lilivyo, ikawa inatosha daraja la zege, tuta bondeni, mtaro wa yule mama, zege kwenye mlima wa kanisani, na changarawe njia nzima.

Kuhusu zege kulikuwa na ubishi. Wanakijiji wameahidiwa lami, na lami ina heshima yake. Mtu akisikia changarawe anaona amepunjwa. Nilichosema mkutanoni ndicho ninachokiamini. Kwenye mwinuko mkali changarawe haikai, maji yanaibeba msimu wa kwanza. Lami nayo mlimani, chini ya malori mazito yanayopanda kwa gia ya kwanza, na mvua za huku, inataka matabaka ya gharama kubwa chini yake ili idumu. Na sisi si wa kwanza kulifikiria hili. Kule Ludewa, kwenye barabara ya Itoni hadi Manda, kipande cha Lusitu hadi Mawengi chenye kilomita 50 kimejengwa kwa zege, na anayeijua ile milima na mvua zake anaelewa kwa nini. Huko nyanda zetu za juu zenyewe ziliamua aina ya barabara.

Kila nikifikiria habari ya kusudio huwa naikumbuka TAZARA. Baba yangu mdogo alifanya kazi stesheni ya Mbeya, pale Iyunga, nami nimekua nikisikia habari za treni mezani. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Kusudio lake lilikuwa wazi: Zambia ipate njia ya kupitisha shaba yake mpaka baharini bila kutegemea Rhodesia ya wakati ule, ambayo walowezi wake walijitangazia uhuru mwaka 1965. Kusudio hilo ndilo lililoamua hata upana wa reli. Reli yetu ya Kati ilikuwa ya milimita 1,000, ya Zambia ni 1,067. TAZARA ikajengwa kwa 1,067, ili behewa la Zambia lishuke hadi bandarini bila mzigo kuhamishwa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama upande wetu: behewa la Reli ya Kati haliwezi kuingia TAZARA, na ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili. Mtu anaweza kubishia uamuzi ule. Ila hawezi kusema haukuwa na sababu, na sababu ilijulikana kabla taruma la kwanza halijalazwa. Kwenye barabara zetu ndogo mara nyingi ni hiyo sababu inayokosekana, unakuta upana na unene umeandikwa na hakuna anayeweza kukuambia ni kwa ajili ya gari gani.

Tukishuka mjini mambo ni mengine. Sasa hivi ukipita Mbeya unaona upanuzi wa barabara kuu ya kwenda Tunduma kuwa njia nne, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Barabara ya mjini wigo wake mwingi uko chini ya ardhi na pembeni: mabomba ya maji, mkongo wa mawasiliano, nguzo, vibanda, ngazi za nyumba za watu. Kijijini napima maji na udongo, mjini nusu ya kazi ni kujua nani ana nini na yuko wapi. Bomba ambalo halipo kwenye ramani linajulikana siku kijiko kinapolikata, na siku hiyo mtaa mzima unalijua.

Halafu kuna ardhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Hizo mita 7.5 zilizoongezeka ndizo zilizoleta alama za X mnazoziona kutani. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huyo hana fidia. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na hifadhi, huyo ana haki ya kulipwa. Watu wengi wanaishi na X ya kijani miaka nenda rudi, hawajui waezeke upya au wasubiri. Ninapoandaa wigo wa barabara yoyote inayohitaji ardhi ya mtu, nadai idadi ya nyumba, makaburi, miti na mazao ijulikane mwanzoni, na fidia iwe na fungu lake. Uthamini una muda wake kisheria: ukishaidhinishwa, malipo yakivuka miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na baada ya miaka 2 inabidi kuthamini upya. Mradi ulioacha fidia nje ya hesabu haujapunguza gharama yoyote, umemwachia mwenye nyumba aibebe.

Mipaka ya taasisi nayo ni hivyo hivyo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barabara yetu ya viazi inaungana na barabara ya mkoa, na pale pa kuungana kuna mita kama 20 ambazo kila upande unaweza kudhani ni za mwenzake. Ndipo maji yanaposimama, ndipo Fuso linapokunja kona. Niliandika barua mapema, tukakutana hapo hapo njiani na wahusika wa pande zote mbili, tukakubaliana nani anajenga bomba la kona na kwa mchoro wa nani. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Yakifanyika kabla ya mkataba huwa mafupi.

Machimbo ya kifusi nayasemea kidogo lakini kwa mkazo. Mkandarasi akichimba changarawe akaondoka, linabaki shimo, linajaa maji, na watoto wanakwenda kuogelea. Kwenye kila BOQ yangu kuna mstari wa kusawazisha machimbo, kulainisha kingo na kurudishia udongo wa juu, wenye kipimo na bei yake. Mara nyingi ni mstari wa kwanza kuombewa ukatwe bajeti ikibana. Huo sikubali ukatwe.

Jambo la mwisho ninalolisimamia ni ukurasa wa visivyokuwamo. Baada ya kueleza kitakachojengwa, naandika kwa Kiswahili cha kawaida ambayo mradi huu hautafanya, na nani anatarajiwa kuyafanya kama yapo. Kwenye barabara ile tuliandika kwamba taa za barabarani hazimo, njia ya kuingilia sokoni haimo, kuhamisha nguzo mbili kutafanywa na mwenye nguzo kwa fedha zilizotengwa pembeni. Karatasi hiyo inasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Kuna wanaoogopa kuisoma, wanadhani watu watakasirika. Nimeona watu wakinung'unika, wakauliza maswali, kisha wakaelewa. Hasira ninayoijua mimi ni ya mtu aliyeahidiwa kwa mdomo akaja kukuta greda linaondoka.

Kwenye mkutano huo diwani alisimama. Ni mtu anayepigania kata yake na namheshimu kwa hilo. Akasema, "Injinia, sisi tunashukuru. Lakini mkishafika kijiji cha mwisho, zahanati iko hapo juu tu, kilomita moja na kitu. Mashine zitakuwa zimeshafika. Si mmalizie?" Huko vijijini sote ni mainjinia, hata mkadiriaji.

Nilimjibu, "Mheshimiwa, hoja yako ni ya kweli, na mashine kuwa hapo zitapunguza gharama ya kuzileta. Naomba nikuonyeshe kitakachotoka ili hiyo iingie." Nikafungua hesabu. Ili kipande cha zahanati kiingie kwa fedha zilizopo, ilibidi zege la mlima wa kanisani litoke, au daraja libaki la magogo. Ukimya ukawa mrefu kidogo, kisha mama mmoja kutoka nyuma akasema mgonjwa hawezi kufika zahanati kama hajavuka daraja. Mheshimiwa akakaa, akasimama tena, akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kipande cha zahanati kiandaliwe karatasi yake.

Tumeiandaa. Ni kilomita 1.4, ina makalavati manne, mwinuko mmoja mbaya, na kusudio lake limeandikwa juu: gari la wagonjwa lifike usiku wa mvua. Vipimo tulivyonavyo ni vya kiangazi. Ridhaa za wenye mashamba mawili mtendaji bado anazifuatilia, na mwezi wa pili tunapanda tena na DCP.